Nyika ya Ede na Samadi Isafiriyo kwa Upepo

Mashariki ya mji wa Ede, nchini Uholanzi, upo uwanda mpana uitwao Ginkelse Heide. Ifikapo nusu ya pili ya Agosti, uwanda huo huvaa rangi ya zambarau, na wenyeji hutoka na watoto wao kwenda kuutazama. Niliupita msimu huo nikiwa na mpwa wangu anayeishi mji ule. Zambarau ilikuwapo, ila kwa viraka: hapa maua, pale nyasi ndefu zilizofunga ardhi.

“Mjomba, si uzuri huu?” akasema. “Ardhi imepata rutuba.”

Ni kweli imepata rutuba, na hiyo ndiyo iliyoiharibu. Mmea wenye maua hayo, heide, ni kichaka kifupi kilichozoea mchanga maskini. Panapokosekana chakula, nyasi hushindwa nacho hustahimili. Wala umaskini huo haukuja wenyewe. Kwa karne nyingi wakulima wa huko waliwachunga kondoo nyikani mchana na kuwarudisha zizini usiku. Samadi ikachanganywa na udongo wa juu uliokatwa nyikani, ikapelekwa mashambani. Nyika ilitoa, shamba likapokea.

Leo samadi imegeuza njia. Kaskazini-magharibi, kuelekea Barneveld, ni nchi ya kuku na ng’ombe. Uholanzi, iliyo ndogo kuliko Mkoa wa Tabora, hufuga kuku wapatao milioni 100, na ng’ombe karibu milioni 4, mbali na nguruwe. Katika vinyesi vyao huruka gesi ya amonia, ile imchomayo pua aingiaye banda la kuku lisilosafishwa. Ndani yake mna naitrojeni, ile ile iliyomo katika urea tuinunuayo madukani. Upepo huibeba na mvua huishusha. Nyingine hutua kavu juu ya majani. Moshi wa magari na viwanda nao huongeza sehemu yake. Wataalamu hukadiria kuwa nyika ya namna hii huhimili kilo 10 hadi 15 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Veluwe, eneo la misitu na nyika ambalo Ginkelse Heide ni kipande chake, hupokea zaidi ya hapo.

Mkulima wa mahindi angeshukuru. Heide nayo hunenepa kwanza, kisha huja mbawakawa mdogo apendaye majani yaliyonona, akaila hadi ikakauka, na mwanya anaouacha hujazwa na nyasi. Pia udongo huwa na asidi, chokaa ikaoshwa na mvua. Utafiti wa Veluwe uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha ndege wadogo wa msituni wakitaga mayai ya ganda jembamba, kwa sababu konokono, ambao magamba yao huwapa ndege chokaa, walikuwa wamepungua.

Tarehe 29 Mei 2019 Baraza la Nchi, mahakama yao ya juu katika mambo ya utawala, lilibatilisha mpango wa serikali uliotoa vibali leo kwa ahadi ya kupunguza naitrojeni kesho. Miradi ikasimama. Oktoba wakulima wakaingia The Hague na matrekta. Siwalaumu sana, kwani aliyekopa kwa ajili ya banda, akihimizwa apanue, hawezi kuambiwa asubuhi moja alivunje. Lakini heide haina trekta la kwendea The Hague.

Wahifadhi hukwangua tabaka la juu la udongo kwa mashine, kazi waliyoifanya wazee kwa mikono, na kondoo bado huchungwa pale. Tatizo ni kwamba kukwangua huondoa pia madini machache yaliyosalia, hata kwingineko katika Veluwe wamejaribu kunyunyiza unga wa mawe ili kuyarudisha. Tulisimama kando ya kipande kilichokwanguliwa. Palikuwa mchanga mtupu, na miche ya heide isiyozidi urefu wa kidole. Upepo siku hiyo ulivuma kutoka Barneveld.