Umemuuliza?

Swali la tatu kwenye fomu lilikuwa fupi: eleza, kwa maneno yasiyozidi 500, ni tukio gani katika maisha yako lililokusukuma kutaka kuwa mshauri wa afya ya akili. Nililisoma nikiwa ofisi ya walimu, kipindi cha mwisho. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa nyumbani, limelala chumba cha uani, lina miaka thelathini na minne, na mpaka leo huniita "we mtoto".

Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa nafundisha sekondari na pembeni nimepewa kitengo cha ushauri na unasihi, kwa sababu moja tu: mkuu wa shule aliona watoto wananifuata. Mafunzo yangu yote yalikuwa semina ya siku mbili. Chumba cha ushauri kilikuwa stoo ya madaftari yenye mlango usiofunga, kwa hiyo binti akija kulia naubana kwa tofali kwa ndani, kisha namwambia: utakachosema hapa hakitoki.

Nilitaka kusoma, basi. Shahada ya uzamili niliyoitaka iko Marekani: krediti 60, na ndani yake saa 700 za mazoezi, ambapo saa 280 lazima uzitumie umekaa na wateja wenyewe. Mara nyingi saa hizo hazilipwi. Sasa nani anakulisha huku unasikiliza shida za watu? Ndiyo maana kwenye fani hii ufadhili si pambo la kuweka kwenye wasifu. Bila huo wanasoma wenye nacho tu.

Huku kwetu wengi tunaijua Chevening ya Uingereza, na masharti yake watu wanayakariri kama aya: saa 2,800 za uzoefu wa kazi, barua mbili za mapendekezo, kurudi nyumbani angalau miaka miwili. Ufadhili niliouomba mimi ulikuwa mwingine, mdogo, jina naliacha. Lakini kote huko utaandika insha, na ukisema unataka kuwa mnasihi, insha inageuka kuwa mahali pa kuonyesha kidonda.

Kulikuwa na dada mmoja aliyewahi kupata ufadhili, anatusomea rasimu zetu bure WhatsApp. Rasimu yangu ya kwanza ilihusu stoo na tofali. Akanijibu kwa sauti: "Mdogo wangu, nzuri, lakini baridi. Hawa watu wanasoma mamia. Huna kitu kilichokuuma?"

Ninacho. Nilikiandika usiku mmoja, maneno 500 kamili. Niliandika asubuhi tuliyomkuta kaka. Mama alivyotoka mbio barabarani na khanga moja. Hospitali. Na yule askari aliyekuja wodini na daftari, maana kwetu kujaribu kujiua ni kosa, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Mtu anafumbua macho, cha kwanza anaulizwa jina kamili na kabila. Lilivyoisha lile ni mambo ya mama, nayaacha kwake.

"Hii inakubeba," dada akaniandikia. "Nimelia."

Nilifurahi. Nakiri. Ni ile furaha ya mtu aliyeandika kitu kikakaa, na nyinyi mnaosoma hapa mnaijua, haina aibu hata kidogo. Aibu ilikuja kesho yake, pale nilipomwambia mtoto mwingine kwamba utakachosema hapa hakitoki.

Tumezoea vifo vya kwenye vitabu. Rosa wa Rosa Mistika, Kazimoto wa Kichwamaji, tumewajadili hadi tumewachosha. Lakini Kezilahabi hakuwa na haja ya kumwomba Kazimoto ruhusa. Wangu mimi alikuwa uani, anachaji simu.

Nilimpelekea chai. "Kaka, kuna kitu nimeandika."

Akasoma. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Wanatoa nini?"

Nikamwambia: ada yote, nauli, posho ya kila mwezi.

Akapiga mluzi. "Sijawahi kuwa na thamani hiyo nikiwa mzima."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Hapa umesema nilikuwa nimekata tamaa. Nani kakwambia? Hujawahi kuniuliza."

Kweli. Miaka minne ilikuwa imepita. Tulimfulia, tulimpikia, tulimwombea. Tulimsindikiza Mirembe, hospitali iliyopo Dodoma tangu 1927 ambayo jina lake watu wamelifanya tusi, na mama akawaambia majirani kwamba kijana kaenda kozi. Kila kitu tulifanya isipokuwa kumuuliza, na mwalimu wa ushauri ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi.

"Futa," akasema. "Siyo kwamba naona haya. Ila ile ni asubuhi yangu, na umeiandika kama vile mimi sikuwepo."

Ndipo nikamuuliza. Alichonijibu sitakiandika. Mama alitoka na beseni, akatuona, akarudi ndani na beseni lake.

Nilituma ile ya stoo na tofali. Kwenye usaili mmoja wao akasema insha yangu haina familia, vipi? Nikajibu kwamba kuna mtu nyumbani ambaye habari zake si zangu kuzitoa. Kimya kikatanda, nikadhani mtandao umekata. Swali lao silioni baya. Anayetaka kukaa na maumivu ya watu lazima aulizwe anatokea wapi. Ningependa tu waongeze mstari mmoja chini yake: kama tukio hili lina mtu mwingine ndani, umemuuliza?

Ufadhili ule sikuupata. Kama ni kwa ajili ya jibu lile au la, barua haikusema, barua za kukataliwa zote zinafanana. Mwaka uliofuata nikaomba kwingine, stoo ileile, tofali lilelile, nikapewa ada bila posho. Naandika haya nikiwa nimemaliza saa 190 kati ya zile 280. Jioni napanga vitabu maktaba ya chuo, saa 20 kwa wiki, kwa sababu viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi ya hapo muhula ukiendelea.

Kaka ameisoma hii kabla yenu. Amekata mistari sita na kurekebisha mmoja: nilikuwa nimeandika kwamba chai ilipoa. Anasema aliinywa yote.