Kabla ya Kuchomoa

Nyumba yetu ya Mkunazini ina dari ya boriti. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wanajua kwamba boriti haidumu milele. Paa likiachwa livuje, mti wa mkoko huoza ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, na siku moja hapana budi utolewe. Marehemu baba yangu alinifundisha sharti moja la kazi hiyo: kwanza weka mhimili, dari iuegemee, ndipo uchomoe boriti mbovu.

Sikutegemea kulisikia tena sharti hilo kwa mwanangu mdogo, tena mbele ya mashine ya gemu.

Mashine yenyewe ni PlayStation 4, ya toleo la mwanzo lililotoka mwaka 2013, yenye diski ya gigabaiti 500. Aliinunua kaka yake kwa mshahara wa hoteli, akaiacha alipokwenda Muscat mwaka 2018. Hatukuagana vyema. Mimi nilitaka abaki. Yeye alikwisha kata tikiti. Yalinitoka maneno ambayo baba hapaswi kumtamkia mwanawe, na tangu hapo simu zetu zikawa za salamu na za fedha tu.

Mwaka uliofuata diski ilijaa. Katika mashine hii hata gemu iliyonunuliwa kwenye sahani lazima inakiliwe ndani, na moja peke yake yaweza kuchukua gigabaiti 40 au zaidi. Tangu mwaka 2017 mashine inakubali diski ya nje, ya kuchomekwa kwa waya. Lakini sisi tulikuwa na laptop iliyovunjika kioo, na diski yake, ya inchi mbili na nusu, ilikuwa na umbo lile lile na nafasi mara mbili. Ya nini kununua?

Nikashika bisibisi. Mtoto akanizuia.

"Subiri, Baba. Kwanza tunakili vitu vya Kaka kwenye flashi. Tukishaitoa hii, hata kompyuta haiwezi kuisoma."

Akanieleza kwamba yaliyomo katika diski hufungwa kwa ufunguo wa mashine yake. Nje ya mashine hiyo ni chuma kitupu. Nikamwuliza, vitu gani hivyo vya Kaka? Akafungua gemu ya mpira kunionyesha. Palikuwa na timu aliyoiunda mwenyewe, na mshambuliaji wake, namba 9, alikuwa na jina langu na jina la baba yangu, na kipara changu juu. Amefunga mabao 61. Mimi sijapiga mpira tangu nilipotoka skuli.

Jioni zile nilipokuwa nikimgombeza apunguze sauti, kumbe alikuwa akinipasia mimi.

Kazi iliyobaki haikuwa ngumu. Tulinakili kwanza, tukazima, tukachomoa waya wa umeme. Kifuniko chenye kung'aa huteleza kando bila ya skrubu. Chini yake ipo skrubu moja iliyochorwa pembetatu, duara, msalaba na mraba. Ukiifungua, kitako cha diski hutoka kama mtoto wa meza, nayo diski imeshikwa humo kwa skrubu nne. Tukatia ile ya laptop. Kwa flashi ya pili, yenye programu ya mashine, tukaianzisha upya, huku tukiomba umeme usikatike. Mwisho kijana akaingia kwa akaunti ya kaka yake na kurejesha alivyonakili. Namba 9 akarudi uwanjani.

Niliitazama diski kongwe mkononi mwangu nikafikiri: mtoto wa miaka kumi na mitano anajua kuweka mhimili kabla ya kuchomoa. Mimi, mwenye nyumba, mwaka ule nilichomoa tu.

Usiku nikapiga simu Muscat. Sikuanza na fedha. Nilimwambia, "Mwanangu, maneno ya siku ile uniwie radhi." Akanyamaza kitambo, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Baba, nani kakwambia kuhusu namba 9?"

Diski ile ya zamani sijaitupa. Nimeifunga kitambaa, imo sandukuni pamoja na hati za nyumba.