Sahani ya Chausiku

KATIKA ploti yetu ya Makina, mtaani Kibera, paka si pambo la nyumba. Paka ni askari wa usiku. Msomaji uliyezoea nyumba ya mawe huenda usinielewe upesi, lakini muulize yeyote aliyewahi kulala katika chumba cha mabati, iwe Laini Saba, Gatwekera au Kisumu Ndogo, akueleze jinsi panya wanavyotoboa mfuko wa unga, wanavyotafuna nyaya za umeme na wanavyothubutu hata kumuuma kisigino mtoto aliyelala. Ndiyo maana paka wetu Chausiku, mweusi tititi kama jina lake, hakuwa wangu pekee ingawa alilala kwangu. Alikuwa wa milango yote kumi na miwili. Asubuhi alikula kwangu, adhuhuri kwa fundi wa viatu, jioni akamnyemelea mama muuza samaki, na usiku akaingia kazini.

Mapema mwaka wa 2023 Chausiku alianza kukonda. Watu walisema ni minyoo. Kisha akazaa watoto wanne, na mmoja baada ya mwingine wakafifia na kufa kabla ya kutimiza wiki tatu. Yeye mwenyewe akawa anajikunyata kando ya jiko kutwa nzima, mdomo unanuka, na nilipomfunua mdomo niliona ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Nikamtia kwenye kiondo, nikamfunika kwa leso, nikapanda matatu hadi Kawangware, kisha nyingine ya kuelekea Kangemi na Uthiru, nikaenda kumtafuta daktari wa mifugo huko Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia fani hiyo. Makanga alinitoza nauli ya mtu mmoja. Alisema wa kwenye kiondo atalipa siku atakayopata kitambulisho.

Daktari alichukua tone la damu, akalitia kwenye kipimo kidogo kinachofanana na kile cha mimba, na baada ya dakika chache mstari wa pili ukajitokeza. Lukemia ya paka, akasema.

Jina hilo linatisha, kwa kuwa kwa binadamu hutaja saratani ya damu. Kwa paka mambo ni tofauti kidogo. Ugonjwa wao huletwa na virusi, ambavyo hushambulia uboho na kuidhoofisha kinga ya mwili. Paka mmoja ataota uvimbe wa saratani, mwingine ataishiwa na damu, na wa tatu atamalizwa na magonjwa madogo madogo ambayo paka mwenye afya huyatupilia mbali. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka wa 1964 katika mji wa Glasgow huko Uskoti, na William Jarrett pamoja na wenzake, baada ya kuchunguza nyumba moja yenye paka wengi waliokuwa wakipata saratani mmoja baada ya mwingine. Huambukizwa hasa kwa mate. Paka wakilambana, wakila sahani moja, wakiumana, au mama akinyonyesha, basi virusi vimepata njia. Sasa fikiria paka wa milango kumi na miwili, na sahani zote zile wanazolia paka wengine wa mtaa.

Daktari aliagiza apimwe tena baada ya wiki kadhaa, kwa maana wako paka ambao miili yao huvishinda nguvu virusi hivyo. Tulirudi. Mstari ulikuwa pale pale. Hakuna dawa ya kuviondoa, na paka wengi ambao virusi vimewatawala hawavuki miaka mitatu tangu kugunduliwa. Lakini miaka mitatu, msomaji, si kitu kidogo katika umri wa paka, na jinsi atakavyoiishi hutegemea sana chakula na matunzo.

Nilifika nyumbani nikakuta habari imenitangulia, sijui kwa mdomo wa nani.

"Dada, tunasikia paka wako ana ukimwi," aliniambia mama wa mlango wa tatu, mwanawe kamshika mkono. "Mtoe kabla hajatuambukizia watoto."

Neno hilo halitamkwi ovyo Kibera. Hapa pana nyumba ambazo katika miaka ya 1990 zilizika baba mwaka huu na mama mwaka uliofuata, na pana watu wazima leo ambao walilelewa na nyanya zao kwa sababu hiyo. Wagonjwa wa siku hizo walitengewa kikombe na sahani na watu wa damu yao. Ulikuwa ukatili mtupu, kwa kuwa ukimwi hauambukizwi kwa kikombe wala sahani. Kinaya ni kwamba kwa paka mwenye lukemia, sahani ndiyo inayopaswa kutengwa kweli. Si kwa ajili yangu wala ya mtoto wa jirani, bali kwa ajili ya paka wenzake.

Nilimweleza jirani yangu polepole. Virusi vya lukemia ya paka na vile vya ukimwi ni vya ukoo mmoja, ndiyo, lakini vya Chausiku havimpati binadamu. Hata ule ugonjwa ambao wengine huuita ukimwi wa paka ni mwingine kabisa, uliogunduliwa California mwaka wa 1986, nao pia haumpati mtu. Alinisikiliza bila kuamini. Shauri likafikishwa kwa nyanya mwenye ploti, mama wa Kinubi ambaye wazee wake walikuwa askari wa Waingereza waliopewa makao hapa wakati mahali hapa palipokuwa bado msitu na kuitwa Kibra. Hakuwa na haja ya hotuba.

"Mwanangu, niambie kitu kimoja tu. Unaruka kwa mtu au hauruki?"

"Hauruki, nyanya."

"Basi paka abaki. Lakini abaki kwako, ndani."

Hukumu hiyo ilikuwa sawa kabisa na agizo la daktari, ila daktari hakai Makina. Kumfungia paka ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye watu wanne, jiko, vitanda na mabati yanayochemka saa saba mchana, ni kazi. Tulitia wavu wa waya dirishani. Mlangoni tukaweka ubao wa kimo cha goti, naye akauruka siku ya kwanza, tukauongeza kimo. Kwa choo chake nilitumia beseni kuukuu na unga wa mbao ninaoupata bure kwa maseremala wa Ngong Road. Beseni lazima limwagwe kila siku bila kukosa. Paka mwenye kinga dhaifu anaweza kubeba vijidudu vingine, na vile vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi kwenye kinyesi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mwenye mimba asiliguse beseni hilo, na mwingine yeyote anawe mikono kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako wengi huuliza na wachache hujibiwa vizuri.

Daktari alianza na makatazo. Hakuna nyama mbichi, hakuna yai bichi, hakuna maziwa yasiyochemshwa. Paka mzima huweza kula utumbo mbichi wa kuku akaenda zake. Huyu mwenye kinga iliyolegea anaweza kuuawa na vijidudu vilivyomo. La pili litawashangaza wengi: mabaki ya mchuzi wetu ni sumu kwake. Ni jiko gani la Nairobi linalopika bila kitunguu? Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na Chausiku hakuwa na chembe za kuchezea. Ugali mtupu nao hujaza tumbo bila kumjenga. Mwili wa paka haujitengenezei vya kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho macho na moyo wake huhitaji, nacho hupatikana kwenye nyama na samaki. Anayefuga paka kwa ugali na maziwa anamfuga kipofu wa kesho. Isitoshe, paka wengi wakubwa wakinywa maziwa huhara, na mgonjwa akihara hukauka upesi.

Basi atakula nini katika nyumba ya mshahara wa gazeti? Omena. Kila siku namshukuru Mungu kwa ziwa lile. Nilinunua omena kavu, nikaziloweka kwenye maji ya moto, nikazisuuza mara tatu mchanga uishe, nikazichemsha bila chumvi. Mara mbili kwa wiki nilichanganya na mapafu ya ng'ombe kutoka kwa bucha, au vichwa na shingo za kuku, vikachemshwa hadi nyama ikaachana na mfupa, kisha mfupa ukatupwa, kwa sababu mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Maini kidogo tu, tena si kila siku, maana vitamini A ikizidi huudhuru mwili. Alikula kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maji yake yalikuwa yale yale tunayonunua kwa mtungi na kuchemsha. Sikuona sababu ya kumpa mgonjwa maji ambayo sisi wazima tunayaogopa.

Zilikuja siku ambazo alinusa na kugeuza uso. Hapo ndipo mtu hukata tamaa haraka. Pasha chakula moto kiwe na joto la mwili, harufu ipande, kwa kuwa paka huchagua kwa pua na mgonjwa aliyeziba pua hajui mbele yake pana nini. Mpake kidogo midomoni. Akipitisha siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari, maana siku mbili au tatu za njaa zinatosha kuliharibu ini la paka. Na tafadhali, msomaji, usimpe Panadol. Kidonge kimoja chaweza kumuua paka, hata asiye mgonjwa.

Kila baada ya wiki mbili tulimpima uzani kwa muuza vyuma vikuukuu aliye karibu na reli, ambaye ana mizani ya kuning'iniza. Kiondo na paka, kisha kiondo kitupu. Aprili alikuwa kilo 2.6. Kufikia Desemba 2023 alifika 3.4, na mzee wa mizani akatangaza uzani huo kwa sauti kama anayeuza. Alifungwa kizazi alipopata nguvu, akatibiwa minyoo na viroboto, na kila miezi sita daktari akamwona.

Je, majirani? Lalama mpya ilikuwa ya haki zaidi kuliko ile ya kwanza. Askari amefungiwa ndani, na panya wamerudi. Mama wa mlango wa tatu alinionyesha mfuko wake wa unga uliotobolewa. Tulichanga tukanunua mitego, tukaziba mashimo kwa saruji, na fundi wa viatu akaleta paka dume mchanga. Huyo alipimwa kwanza, akaonekana hana ugonjwa, akachanjwa. Chanjo ipo tangu 1985. Haimsaidii paka aliyekwisha kuambukizwa wala haimkingi kila paka kikamilifu, lakini ni bora kuliko bahati nasibu. Hakuruhusiwa kutia mguu kwangu.

Wako pia walioniambia, ati mtaa una watoto wanaolala njaa na mimi nampikia paka. Sina jibu la kumnyamazisha mtu kwa hilo. Omena za Chausiku hazikuwahi kutoka kwenye sahani ya mtoto wangu, na siku za mwisho wa mwezi sote tulikula omena, yeye bila kitunguu na sisi na kitunguu. Ila nadhani anayesema mnyama mgonjwa atupwe mtaroni kwa sababu ya umaskini hajauliza maskini wenyewe. Binti yangu wa darasa la saba ndiye aliyekuwa akisuuza zile omena, na hakuna aliyemlazimisha.

Machi 2025 mizani ilianza kushuka. 3.1, kisha 2.8. Chini ya taya tezi zilivimba kama punje za mahindi, kisha kama njugu mawe. Daktari hakutuficha: ilikuwa saratani. Alinieleza dawa zilizopo na gharama yake, na kwamba zingemwongezea miezi tu. Nilichagua omena na blanketi. Julai alipokataa chakula kwa siku ya pili, na akawa anapumua kwa kuvuta tumbo, tulimpeleka kwa mara ya mwisho, akadungwa sindano akiwa ndani ya kiondo chake. Binti yangu alitaka kuwepo, nikamruhusu.

Sahani na beseni nilizichemshia maji, nikazisugua kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, nikazianika juani. Virusi vile havidumu nje ya mwili, vikikauka hufa. Hata hivyo daktari alisema tukitaka mwingine tungoje wiki chache, nasi tukangoja. Mwezi uliopita mama wa mlango wa tatu alibisha hodi, mkononi ana katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu.

"Dada, huyu nimemwokota Toi," akasema. "Unampeleka lini kupimwa? Tutachanga nauli."

Yumo ndani ya katoni nikiandika haya. Binti yangu tayari amempa jina, ila amekataa kuniambia hadi majibu ya damu yatoke.