Kilo 20 za Msafiri

Anayenunua gari-nyumba nchini New Zealand huulizia kwanza kitanda, jiko na bei. Choo hukumbukwa mwisho, ilhali ndicho kitakachoitawala safari yake. Choo cha kubebeka ni rahisi, nacho huenea hata katika gari dogo; lakini kikishajaa lita 20, ni kilo 20 za uchafu anazozibeba mtu kwa mikono yake hadi penye shimo la kumwagia, majirani wa kambini wakimtazama. Kijana aweza kustahimili. Mstaafu mwenye mgongo mbovu je? Mzigo wa mwenzio, walisema wahenga, ni kanda la usufi.

Tangi lililofungwa chini ya gari halibebwi. Bomba huunganishwa, vali ikafunguliwa, uchafu ukateremka wenyewe. Hata hivyo, likijaa, nyumba nzima sharti ing'oe nanga iende kulimwaga.

Tangu Juni 2023, hiari hiyo imebanwa. Gari linaloomba cheti kipya cha kujitosheleza, kile kinachomruhusu mwenyewe kulala penye ardhi ya umma iliyotengewa magari hayo, sharti liwe na choo kilichokazwa mahali pake, chenye kutumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Cha kubebeka, kilichokubaliwa awali, hakitoshi tena. Lalamiko lilikuwa kwamba baadhi ya wasafiri walibeba choo kwa ajili ya cheti tu, kisha wakajisaidia vichakani. Sawa, lakini parafujo huzuia choo kuhama, haimlazimishi mtu kukitumia. Na mwenye kigari kidogo, ambaye hakuwahi kuchafua kichaka chochote, ndiye anayetobolewa sakafu.