Baiskeli ya mlimani Mwanga: uinunue nzima au uiunde kipande kwa kipande?

Mwanga mjini hapamtishi mwendesha baiskeli. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi inapita kwenye tambarare, jua ni kali na migunga imetapakaa kila upande. Ukishuka magharibi kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, baiskeli nzito ya Phoenix yenye keria pana bado inafanya kazi yake vizuri. Haina gia, lakini huko gia za nini?

Mambo hubadilika ukigeukia mashariki. Milima ya Upare Kaskazini imesimama hapo kama ukuta, na barabara inaipanda kwa kona hadi Kikweni, ambako njia zinagawana, moja kwenda Ugweno na nyingine Usangi. Joto la Mwanga unaliacha chini. Unakutana na migomba, kahawa, mifereji ya maji na nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ambayo mtu wa Dar asingediriki kuweka hata banda la kuku. Juu zaidi uko msitu wa Kindoroko, kilele chake kikipita mita 2,100.

Mtoto anayepanda njia hii kwa baiskeli huchoka, hushuka na kusukuma. Hilo halimdhuru. Anaporudi ndipo mzazi anapopaswa kuwa na wasiwasi.

Mwana wa dada yangu ana miaka 14 na anasoma Usangi, kwa bibi yake. Ameomba baiskeli ya mlimani, na familia imegawanyika. Shemeji anataka kununua iliyokamilika dukani. Kaka yangu, ambaye hajawahi kutupa hata msumari, anataka iundwe: fremu kutoka kwenye mtumba, magurudumu kwingine, gia kwingine. Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku, kwa hiyo mtakubali kwamba mjadala huu haukuisha jioni moja.

“Shemeji, mtoto anahitaji baiskeli mwezi huu, siyo mradi wa mwaka mzima,” aliniambia baba mtu, akidhani mimi mwandishi wa afya ningezungumzia kofia ngumu na kunyamaza.

Kaka ana historia upande wake. Baiskeli za mlimani zenyewe zilianza kwa kuundwa. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walichukua baiskeli nzito za zamani, wakazifunga matairi manene na kuteremka nazo milimani. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko mmoja waliouita Repack. Jina hilo lilitokana na breki: zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na kwa mteremko ule zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu maalumu kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli ya mlimani iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani.

Kutoka Kikweni hadi Mwanga mjini ni Repack ya kwetu. Breki za chuma za baiskeli za zamani, zile zinazovuta mipira juu kwenye rimu, hazikutengenezwa kwa mteremko mrefu namna ile. Tena rimu ya chuma iliyong'arishwa ikilowa, mpira unateleza tu. Ukungu wa asubuhi au manyunyu ya masika yanatosha. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikiwa na maji. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu gia ngapi, angalia rimu ni za nini na breki ni za aina gani. Gia 21 zilizobandikwa karatasi inayong'aa haziwezi kumsimamisha mtoto kwenye kona.

Hapo baiskeli nyingi mpya za bei nafuu hunitia shaka. Zina umbo la baiskeli ya mlimani, springi mbele na nyuma, rangi tatu, lakini mikono ya breki ni ya plastiki inayopinda ukiibana, na springi zenyewe zinaongeza uzito bila kazi yoyote ya maana. Mtoto huzipenda. Ukinunua, chagua isiyo na springi ya nyuma, na siku hiyohiyo ipeleke kwa fundi akaze kila nati, kwa sababu nyingi hufika zimekunjwa ndani ya boksi na kufungwa harakaharaka dukani.

Kuunda nako kuna mtego wake, nao ni vipimo. Ukisema “tairi inchi 26” unadhani umemaliza. Hapana. Tazama ubavuni mwa tairi utafute namba ndogo: rimu ya inchi 26 ya baiskeli ya mlimani ni 559, lakini ipo inchi 26 ya baiskeli za kawaida ambayo ni 590, na haziingiliani kabisa. Phoenix kubwa ya inchi 28 ni 635. Baiskeli mpya za mtumba kutoka Ulaya zinaweza kuwa 584 au 622, na tairi lake likichanika utalifuata Moshi, kilomita 50 na kitu, ukiomba Mungu ulikute. Usukani una bomba la inchi moja au inchi moja na robo-nusu. Bomba la siti linatofautiana kwa nusu milimita, na nusu hiyo inatosha siti isikae. Pedali ya kushoto hufungwa kinyume. Anayeilazimisha anaharibu krenki nzima.

Fundi mmoja mjini, ambaye hukaa chini ya mti na beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, alinipa ushauri ambao sikuutarajia kwa mtu anayeuza spea: chukua fremu ya chuma, achana na alumini. Fremu ya chuma ikipasuka Usangi, mchomeleaji wa mageti anaweza kuiunga. Alumini inahitaji mashine nyingine na utaalamu mwingine, na joto la kuchomelea huidhoofisha. Ukinunua fremu ya mtumba, pitisha kidole pale bomba la usukani linapoungana na mabomba mengine. Rangi iliyojikunja hapo ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu.

Bei sitaandika, maana wiki ijayo zitakuwa zimebadilika. Lakini tulipokaa na karatasi, kipande kwa kipande, jumla ilikaribia ya baiskeli nzima, na nauli za kufuata spea zikaipitisha. Kaka alikaa kimya muda mrefu. Kuunda kunalipa kama tayari una fremu nzuri, au kama mtoto mwenyewe atashika spana na kujifunza. Vinginevyo hukuokoa fedha.

Upande wangu ni mwili wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kwa siku, na mlima wa Usangi unazitoa bila ada. Ila ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kofia ngumu ikae juu ya nyusi kwa vidole viwili, isisukumwe kisogoni, na ikishagonga chini kwa nguvu ibadilishwe. Usinunue baiskeli kubwa “akue nayo”. Akisimama juu ya fremu, nyayo zote mbili ziguse chini na pabaki nafasi. Na tafadhali ziba ncha za usukani kwa vifuniko vya mpira. Mtoto akiangukia ncha iliyo wazi anaweza kuumia ini, wengu au kongosho huku nje kukiwa na mchubuko mdogo tu. Akilalamika tumbo baada ya kuanguka, usimpe dawa ya maumivu na kumlaza. Mpeleke hospitali.

Mwishowe ilinunuliwa baiskeli nzima ya mtumba, fremu ya chuma, rimu za alumini za 559, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye mipira mipya ya breki, waya zake, cheni na kofia. Kaka alipewa kazi ya kuifungua na kuipaka grisi, akiwa na kijana pembeni. Masharti ya bibi ni kwamba hadi likizo iishe aendeshe Usangi kwa Usangi tu, na akija Mwanga apande gari, baiskeli ifungwe juu ya keria. Kijana amekata rufaa kwa babu.