Karo Inayolipwa kwa Jembe

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kumsikia mzazi akimkaripia mtoto asiyependa kitabu: "Usiposoma, utakwenda kulima." Maneno hayo tumeyazoea hata hatuoni tena ubaya wake. Jembe, ambalo kwalo babu zetu walitulisha, limegeuzwa fimbo ya kutishia watoto. Kwa sababu hiyo nataka tuitazame nchi moja ya mbali ambayo serikali yake huwalipa vijana fedha za masomo kwa sharti kwamba wakihitimu waende kulima, na wasipolima wazirudishe.

Nchi hiyo ni Japani, na mahali ninapopakusudia hasa ni mkoa wa Fukushima. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 lilitokea chini ya bahari, upande wa mashariki wa nchi hiyo, likazusha mawimbi makuu yaliyoua watu zaidi ya 15,000 na kufunika zaidi ya hekta 20,000 za mashamba. Mtambo wa umeme wa nyuklia wa Fukushima Daiichi nao ukaharibika, ukatoa mionzi iliyochukuliwa na upepo. Watu zaidi ya 150,000 wa mkoa huo walihama makwao.

Fikiri juu ya kijiji cha Iitate. Kiko milimani, yapata kilomita 40 kutoka kwenye mtambo, na wimbi la bahari halikukigusa kabisa. Wakazi wake, wapatao 6,000, walikuwa wakulima wa mpunga na mboga na wafugaji wa ng'ombe wa nyama. Walakini upepo, mvua na theluji viliiangusha sumu juu ya mashamba yao, nao wakaamriwa kuondoka. Amri hiyo iliondolewa katika sehemu kubwa ya kijiji tarehe 31 Machi 2017, yaani baada ya miaka sita. Katika muda huo udongo wa juu, kiasi cha sentimita 5, ulikwanguliwa, ukatiwa katika mifuko mikubwa myeusi, na mahali pake ukamwagwa mchanga wa milimani. Aliyepata kushika jembe anajua maana yake. Sentimita hizo tano ndizo zilizokuwa na samadi ya miaka mingi ya baba na babu. Mkulima aliporudi alikuta shamba safi lisilo na rutuba.

Wasomi hawakukaa mbali. Huko Soma, kwenye pwani ya mkoa huo huo, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tokyo waliwasaidia wakulima kuondoa chumvi ya bahari mashambani: waliacha mvua iioshe, wakatia masalia ya tanuri la chuma yenye chokaa nyingi, na mwaka 2012 mpunga ukavunwa. Profesa Masaru Mizoguchi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mtaalamu wa udongo, amewapeleka wanafunzi wake Iitate wakaone kwa macho yao. Iligunduliwa pia kwamba shamba likipewa mbolea ya potasi ya kutosha, mpunga hunywa sesiamu kidogo sana, kwa kuwa mizizi huchukua potasi badala yake. Na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Fukushima kilifungua kitivo cha chakula na kilimo, chenye nafasi za wanafunzi 100 kwa mwaka.

Lakini nani atalima? Waliorudi vijijini wengi wao ni wazee. Vijana wenye watoto walikwisha kuanza maisha mijini. Hapo ndipo fedha ile ya masomo inapohusika. Mpango wenyewe ni wa Japani nzima, si wa Fukushima peke yake. Ulipoanza mwaka 2012, kijana asiyefikia miaka 45 aliyejifunza kilimo, kwa mfano katika chuo cha kilimo cha mkoa, aliweza kupata hadi yeni 1,500,000 kwa mwaka, kwa miaka isiyozidi miwili. Akihitimu sharti aanze kulima katika muda wa mwaka mmoja, na aendelee kwa muda ulio mara moja na nusu ya ule aliolipwa. Aliyelipwa miaka miwili atalima mitatu. Mimi naliona sharti hilo kuwa la haki. Fedha ya masomo isiyo na shamba mbele yake aghalabu hutuzalia makarani.

Nilimsimulia habari hizi dada yangu mkubwa, ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusomea stashahada ya kilimo. Dada ni fundi cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kaka, mgongo wangu umepinda kwenye cherehani ili mwanangu akashike jembe? Na hao mama wa huko, wanakubali watoto wao waende penye sumu?"

Nilimpa hesabu. Mchele wote wa mkoa ule wa mavuno ya 2012, magunia zaidi ya milioni 10, ulipimwa gunia kwa gunia, na 71 tu yalizidi kipimo cha bekereli 100 kwa kilo. Katika mavuno ya 2015 halikuonekana hata moja. Dada akasema gunia si mtoto. Ndugu msomaji, wewe ungemjibu nini? Tarakimu humtuliza mnunuzi sokoni, lakini mzazi ana mizani yake, na sidhani kwamba serikali yoyote inaweza kumpimia.

Akauliza tena: huyu wa kwetu akihitimu, shamba analo? Swali hilo lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kule Fukushima mashamba yapo, wenyewe ndio hawapo, na mzee jirani yupo wa kumwonyesha kijana maji yanapita wapi na baridi huanza lini. Yeni haziwezi kununua ujuzi huo, na mzee huyo hatangoja miaka kumi.

Mpwa wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mjomba, shamba la babu kule kijijini lina ekari ngapi?" Tukatazamana na dada, kisha tukampigia mzee simu.