Kutoka Minjila hadi Bura

Msafiri atokaye Lamu kwa gari hufika Minjila, karibu na Garsen, akaikuta njia panda: kushoto ni Malindi na Mombasa, kulia ni Hola, Bura na Garissa. Wengi wetu watu wa pwani hukata kushoto bila ya kufikiri. Safari hii, kwa kuitikia mwaliko wa ndugu zetu wa Bura, tulikata kulia.

Tulikuwa tumetoka kuizuru bandari mpya ya Lamu. Wasomaji wetu watakumbuka kuwa mradi huo ulizinduliwa Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Leo magati ni matatu, kila moja mita 400, na kina cha maji ni mita 17 na nusu. Ni kazi kubwa, wala hatuidharau. Lakini siku tuliyokuwapo sisi, uwanja wa makontena ulikuwa na nafasi tele, na tukajiuliza shehena ya kuujaza itatoka wapi. Wapangaji hujibu: Ethiopia, Sudan Kusini. Sisi tukataka kuiona bara iliyo jirani zaidi.

Barabara huufuata mto Tana pasina kuuona. Ni mstari wa miti mirefu tu upande wa mashariki. Kisha, kadiri Bura inavyokaribia, huanza mathenge. Mti huu wa miiba uliletwa hapa miaka ya 1980 ili wakulima wapate kuni. Sasa umeziba mifereji, umeyavamia malisho, na mchungaji wa Kiorma huutaja kama mtu amtajavyo mgeni aliyekataa kuondoka.

Wakulima hao walikuwa ni wa mradi wa umwagiliaji, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Familia zilihamishwa kutoka pembe nyingi za Kenya, zikaahidiwa maji na pamba. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka mtoni, na pampu zilikula mafuta ghali. Kabla muongo haujaisha kilimo kilikuwa kimezorota. Mzee mmoja aliyetukaribisha chai alituambia: "Sheikh, maneno mnayoambiwa nyinyi huko Lamu, sisi tulishaambiwa." Hakusema kwa uchungu. Siku hizi yeye hulima mahindi ya mbegu, na shamba lake ni la kijani.

Baada ya Swala ya Adhuhuri tulizungumza msikitini juu ya ardhi, kwani bandari huita barabara, barabara huita wanunuzi, na thamani ya ardhi hupanda kabla ya wenyeji kujua. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya kudhulumu hata shubiri moja ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii kuisajili ardhi yake kwa jina lake. Tukawakumbusha yaliyotokea Lamu: wavuvi wapatao 4,600 waliopoteza maeneo ya kuvulia walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika kesi ya namna hiyo jambo la kwanza kuulizwa ni majina.

Basi tukauliza: katika orodha ya jamii hapa, majina ya wajane na mabinti yamo? Pakawa kimya. Tunakiri kuwa swali hilo halikuwa letu. Tuliulizwa asubuhi yake na mama mmoja auzaye maziwa kando ya barabara, aliyefiwa na mumewe miaka mitatu iliyopita.

Katibu wa kikao alitoka, akarejea na daftari lake. Tulipoondoka kabla ya Alasiri, wazee walikuwa bado wameliinamia, na yule mama amesimama mlangoni na madumu yake, akisubiri kusomewa.